Gurudumu na Giaboksi: Tusinunue kwa Macho

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa kanisa, Mikindani)

Wengine wenu mmetoka Jomvu, wengine Miritini, wengine hapa Bangladesh, na tunajua kwamba saa mbili za kukaa hapa ni mitungi kadhaa ya maji ambayo haikuuzwa. Kwa hiyo hatutawapotezea wakati.

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo lilituletea mzozo katika kikundi chetu. Vijana wetu waliomba pesa kutoka mfuko wa kikundi, wakasema wanataka kutengeneza roboti ya mashindano. Walitaka mota, betri, magurudumu na giaboksi. Mama mmoja alisimama akauliza swali moja tu: "Hiyo roboti itatuchotea maji?" Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mfuko ule ni jasho la watu. Kuna mwanachama anayeweka shilingi ishirini kwa siku, na siku nyingine hiyo ishirini ameitoa kwenye unga wa watoto.

Leo tunataka kujibu swali la yule mama. Lakini kabla ya roboti, lazima tuanze na mkokoteni.

MKOKOTENI ULIOTUFUNDISHA

Kila mtu hapa anajua shida ya maji Mombasa. Maji yetu hutoka mbali: chemchemi za Mzima, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere huko Kwale, na visima vya Tiwi. Yakikatika mferejini, anayetuokoa ni mwenye mkokoteni, au rukwama kama wanavyosema wenyeji. Basi sisi tukaamua kununua mkokoteni wetu wenyewe ili tuuziane maji kwa bei ya haki na faida ibaki kikundini.

Tulinunuaje? Kwa macho. Tuliona mkokoteni umepakwa rangi nzuri, mbao mpya, bei nafuu. Ulikuwa na magurudumu madogo ya mpira mgumu, yale yasiyo na tyubu. Muuzaji akatuambia hayapati pancha. Ni kweli, hayakupata pancha hata siku moja. Hatukuuliza jambo lingine lolote.

Kwenye lami ulikwenda. Lakini ulipoingia kwenye njia zetu za mchanga na mashimo, vijana wanne walikuwa wakisukuma kazi ya watu wawili. Zikaja mvua za masika. Siku moja, kwenye mteremko unaoelekea upande wa mkondo wa bahari, gurudumu moja liliingia kwenye shimo, mkokoteni ukasimama ghafla, mitungi ikasogea nyuma, mikono ya mkokoteni ikainuka na kumnyanyua aliyekuwa ameishika. Ukarudi nyuma na mzigo wote. Mwenzetu aliyekuwa akisukuma kwa nyuma alivunjika mguu. Alikaa miezi nyumbani bila kazi, na pesa za kumtibu zilizidi bei ya mkokoteni wenyewe.

Hatumlaumu muuzaji. Yeye aliuza alichokuwa nacho. Tunajilaumu sisi, kwa sababu hatukupiga hesabu. Katika Injili ya Luka, mlango wa 14, Bwana anatuuliza ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama. Sisi tulihesabu bei, hatukuhesabu gharama. Hivyo ni vitu viwili.

HESABU YA MZIGO

Sasa hebu tupige ile hesabu tuliyopaswa kuipiga. Chukueni kalamu.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mkokoteni ukibeba mitungi 20, hizo ni kilo 400. Ongeza uzito wa mkokoteni, tuseme kilo 100. Jumla ni kilo 500, nusu tani. Huo ndio mzigo ambao kijana mmoja anaukimbiza na matatu nyuma yake inampigia honi.

Kwenye lami iliyo sawa, na magurudumu yakiwa mazuri, nguvu ya kuuendesha mkokoteni huo ni kama ya kuvuta kilo 10 tu. Ndiyo maana gurudumu ni baraka. Lakini kwenye mchanga mlaini nguvu hiyo yaweza kupanda mara kumi, ikawa kama kilo 100. Mzigo ni uleule, watu ni walewale, kilichobadilika ni njia.

Na kilima je? Ikiwa njia inapanda mita moja kwa kila mita 10 za kwenda, basi sehemu moja kwa kumi ya uzito wote inakurudisha nyuma. Kilo 500 gawanya kwa 10 ni kilo 50. Ongeza zile 10 za kawaida, unapata 60. Mtu mmoja hawezi kuzisukuma kilo 60 kwa muda mrefu, jamani. Ukipunguza mitungi ikawa 10, uzito wote unakuwa kilo 300, na nguvu ya kupanda inakuwa kama kilo 36. Kwa watu wawili hiyo ni kazi ya binadamu. Mara nyingine dawa ya kilima ni kwenda mara mbili tu, bila kununua gurudumu jipya.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA KWENYE GURUDUMU

La kwanza ni ukubwa. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo na jiwe ambapo gurudumu dogo hutumbukia na kukwama. Jiwe lililo juu kuliko kitovu cha gurudumu halipandiki, hata usukume vipi. Ndiyo sababu mikokoteni mingi ya hamali wa Mombasa hutumia magurudumu ya gari. Wale watu hawakusoma vitabu vya mitambo, lakini mgongo ni mwalimu.

La pili ni upana na ulaini. Tairi pana lenye upepo hulala juu ya mchanga. Tairi jembamba na gumu huukata mchanga kama kisu. Lakini angalieni: tairi lilelile likikosa upepo kwenye lami huwa zito kusukuma. Kwa hiyo tairi la upepo lina faida, na lina deni lake: pampu, viraka, na mtu wa kulikagua kila asubuhi. Kama kikundi hakina mtu wa kazi hiyo, mpira mgumu unaweza kufaa, ila tu kama njia yenu ni ya lami.

La tatu ni beringi. Watu hutazama tairi wakasahau katikati. Mkokoteni wenye beringi nzuri, zilizotiwa grisi na kufunikwa ili mchanga usiingie, huzunguka wepesi. Chuma kikisuguana na chuma kitupu hula nguvu za watu wawili na kuishia kujila chenyewe. Kabla ya kununua, inueni gurudumu lisiguse chini, lizungusheni kwa mkono, msikilize. Likiimba na kukwaruza, liacheni. Kisha lishikeni kwa juu na chini mlitikise. Likicheza, lina ugonjwa.

La nne ni mahali pa ekseli. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni kama mizani ya sokoni. Mzigo ukizidi mbele, upande wa mikono, msukumaji anabeba badala ya kusukuma. Ukizidi nyuma, mikono inainuka na kumnyanyua, kama ilivyotokea kwetu. Mzigo ukae juu ya ekseli, na uzidi kidogo tu upande wa mikono. Na ufungwe kwa kamba, hata kama safari ni fupi. Tena magurudumu yakikaa mbalimbali na mzigo ukiwa chini, mkokoteni haupinduki ovyo.

Msisahau breki. Hamali wengi hufunga kipande cha tairi kuukuu chini ya mkokoteni upande wa nyuma. Wakishuka mteremko huinua mikono, lile tairi linaburuta barabarani na kupunguza mwendo. Haligharimu chochote, na linaokoa miguu. Wetu haukuwa nalo.

GIA HAITOI ZAWADI

Sasa tuingie kwenye gia. Wengi wetu tunafikiri gia huongeza nguvu, kana kwamba kuna mtu mle ndani anasaidia. Hapana. Gia ni kama duka la kubadilisha fedha. Unatoa mwendo, unapewa nguvu. Au unatoa nguvu, unapewa mwendo. Na kama kwenye duka lolote la kubadilisha fedha, kila ukibadilisha, mwenye duka hukata kidogo. Hapa mwenye duka ni msuguano.

Tazameni baiskeli. Hesabuni meno ya gia ya mbele, tuseme ni 48. Hesabuni ya nyuma, tuseme ni 18. Gawanya 48 kwa 18, unapata karibu mbili na theluthi mbili. Maana yake, pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na theluthi mbili. Gurudumu la baiskeli kubwa lina mzunguko wa karibu mita 2 na sentimita 20. Basi kila ukipiga pedeli mzunguko mmoja unakwenda karibu mita 6. Safi kabisa kwa mtu anayekwenda kazini Changamwe peke yake.

Sasa funga mitungi minne ya maji. Kwenye kilima pedeli haishuki. Fundi anaweza kukubadilishia gia ya nyuma akaweka ya meno 24. Gawanya 48 kwa 24 ni mbili. Sasa kila mzunguko unakwenda mita 4 na kidogo, lakini nguvu ya mguu inayohitajika inapungua kwa robo. Utachelewa kufika, lakini utafika ukiwa juu ya baiskeli. Yule mwenye gia ya haraka atafika akiikokota.

Dereva wa tuktuk analijua hilo vizuri. Akipanda kilima na abiria watatu anarudi gia ya kwanza. Injini ni ileile. Akikaidi na kung'ang'ania gia ya juu, injini inazimika. Na akiingia kwenye matope, hata gia ya kwanza haimsaidii: gurudumu linazunguka tu pale pale. Kumbukeni hilo la matope, tutalirudia. Nguvu isiyoshika chini haina kazi.

SASA ROBOTI

Roboti ya mashindano ni nini? Msifikirie mtu wa chuma kama wa sinema. Ni kigari kidogo chenye mota za umeme, betri ya volti 12 na mkono wa kuokotea vitu. Wanafunzi wanakitengeneza na kukiendesha ndani ya uwanja mdogo, wakishindana kwa dakika chache.

Yako mashindano ya dunia yanayoitwa FIRST Global Challenge, ambayo kila nchi hupeleka timu moja ya vijana wa umri wa sekondari. Yalianza mwezi wa Julai 2017 mjini Washington, Marekani, yakiwa na timu kutoka nchi zaidi ya 150, na Kenya ilikuwamo. Mwaka 2019 yalifanyika Dubai, 2022 Geneva, 2023 Singapore, 2024 Athens. Na akina mama, sikilizeni hapa: yale ya kwanza ya 2017 yalihusu maji safi. Roboti zilikusanya mipira ya rangi mbili, ya buluu ikiwa mfano wa maji safi na ya machungwa mfano wa maji machafu, na ilibidi zitenganishwe. Yale ya Dubai yalihusu kusafisha bahari. Na haziendi timu moja dhidi ya moja. Timu tatu za nchi tatu huungana kuwa upande mmoja, kwa hiyo mtu hawezi kushinda peke yake. Sisi wa vikundi vya kujisaidia hilo tunalielewa.

Vijana wetu bado hawajafika huko, na hatuwaahidi kwamba watafika. Tunachotaka muone ni jinsi walivyochagua magurudumu na giaboksi, kwa sababu ni yale yale manne ya mkokoteni, na lile duka lile lile la kubadilisha fedha.

Mota ndogo ya roboti ni kama kijana mwenye mbio na asiye na kifua. Huzunguka, tuseme, mara 6,000 kwa dakika, lakini ukiigusa kwa kidole inasimama. Haiwezi kuendesha kigari ikiwa hivyo. Lazima ipitie giaboksi. Giaboksi hizi huja kama vipande vya kupangana, kipande kinachopunguza mara 3, kingine mara 4, kingine mara 5. Ukipanga viwili, unazidisha: 3 mara 4 ni 12, 4 mara 5 ni 20. Ukipanga vitatu vyote, 3 mara 4 mara 5 ni 60.

Chukua gurudumu la roboti lenye kipenyo cha milimita 90. Mzunguko wake ni karibu sentimita 28. Sasa:

Kwa giaboksi ya 12, gurudumu linazunguka mara 500 kwa dakika, na roboti inakwenda karibu mita 2 na nusu kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole.

Kwa giaboksi ya 20, ni mara 300 kwa dakika, karibu mita moja na nusu kwa sekunde. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Kwa giaboksi ya 60, ni mara 100 kwa dakika, karibu nusu mita kwa sekunde. Mtoto anayejifunza kutembea ataipita.

Hayo ni bila mzigo. Ikibeba mzigo, mwendo hushuka.

Vijana wote, bila shaka, walitaka ya 12. Ujana ni mbio. Tukawauliza: uwanja wenyewe ni mita ngapi? Mita chache tu. Basi kabla roboti haijafikia mwendo wake wa mwisho, imeshafika ukutani. Halafu ikisukumana na roboti nyingine, mota inazidiwa na kukwama. Mota iliyokwama huku ikilishwa umeme ndipo hunywa umeme mwingi kuliko wakati wowote, na umeme huo wote hugeuka joto. Mtasikia harufu, na pesa za kikundi zimeungua.

Basi mbona wasichague 60, iwe na nguvu kama trekta? Hapa ndipo tunarudi kwenye tuktuk ndani ya matope. Roboti ya kilo 15 haiwezi kusukuma kwa nguvu inayopita mshiko wa matairi yake chini. Ikipita hapo, magurudumu yanateleza tu. Nguvu ya ziada umeinunua kwa kutoa mwendo, na huwezi kuitumia. Ni sawa na kununua pampu ya maji kubwa wakati kisima ni kidogo.

Kanuni waliyofuata ni hii: chagua gia ambayo, roboti ikisukumana na kitu kisichosogea, magurudumu yateleze kabla mota haijakwama. Mpira unaoteleza unaisha taratibu, lakini mota iliyokwama inaungua. Ndani ya kanuni hiyo, chagua mwendo mkubwa unaoweza kuupata. Wakachagua 20. Si kwa kupiga kura, bali kwa hesabu.

GURUDUMU LISILOKATAA KWENDA KANDO

Kwenye magurudumu yenyewe lipo jambo moja ambalo mkokoteni hauna. Roboti ya magurudumu manne haina usukani. Hugeuka kwa kuzungusha magurudumu ya upande mmoja mbele na ya upande mwingine nyuma, kama vile vifaru vya vita. Kama yote manne ni ya mpira unaoshika sana, yanapogeuka lazima yaburutwe kwa upande. Mpira unakataa. Roboti inatetemeka, inarukaruka, mota zinapata joto. Mmewahi kujaribu kugeuza mkokoteni wenye magurudumu manne na mzigo juu? Ni vivyo hivyo.

Dawa yake ni gurudumu ambalo kwenye ukingo wake limepangwa vigurudumu vidogo. Mbele linakwenda kama gurudumu la kawaida, na kwa upande linateleza bila shida. Ukiweka mawili ya hayo upande mmoja wa roboti, mbele au nyuma, na mawili ya mpira upande wa pili, inageuka laini. Lipo pia lile ambalo vigurudumu vyake vimelazwa mshazari, lililobuniwa na Mswidi Bengt Ilon miaka ya 1970. Roboti yenye manne ya hayo inaweza kwenda mbele, nyuma na hata kando kama kaa wa ufuoni. Inavutia sana macho. Lakini ni ghali, ni nzito, inataka kila gurudumu liwe na mota yake, na ikisukumwa na roboti yenye mpira inasukumika kirahisi.

Vijana waliitamani ile ya kaa. Safari hii sisi hatukusema neno. Wenyewe wakakumbushana: "Tusinunue kwa macho." Wakachukua mawili ya mpira na mawili ya kuteleza. Siku hiyo tulijua kwamba wamejifunza.

NJIA YA GHARAMA NDOGO

Kikundi kisichoweza kununua vifaa vipya kisikate tamaa. Vijana wetu walianzia kwa mafundi wa jua kali. Mota ya wiper ya gari lililokufa ni mwalimu mzuri. Ni ya volti 12, na giaboksi yake imo ndani tayari: skrubu ndefu inayosukuma gia, kwa hiyo mwendo umepunguzwa na nguvu imeongezwa. Nyingi huzunguka kati ya mara 40 na 70 kwa dakika. Ukiifunga kwenye gurudumu la kipenyo cha sentimita 20, kigari kinakwenda karibu nusu mita kwa sekunde au zaidi kidogo. Tena giaboksi ya namna hiyo kwa kawaida haikubali kuzungushwa kinyume kutoka upande wa gurudumu. Ukikata umeme kwenye mteremko, kigari kinakaa pale pale. Laiti mkokoteni wetu ungekuwa na tabia hiyo.

Mawili ya hayo, ubao, swichi na betri kuukuu ya pikipiki vilitosha kuwafundisha yote tuliyowaeleza leo, kabla hatujatoa shilingi kubwa.

JIBU LA YULE MAMA

Tumefika kwenye swali. Roboti itatuchotea maji?

Hapana, haitachota hata mtungi mmoja. Lakini sikilizeni kilichofanyika. Tulipoamua kununua mkokoteni wa pili, tuliwakabidhi vijana wale wale kazi ya kuuchagua. Walikwenda na mizani ya kuning'inia, ile ya ndoano. Wakafunga kamba kwenye kila mkokoteni, wakauvuta ukiwa na mzigo sawa: kwenye lami, kwenye mchanga, na kwenye kilima. Wakaandika kilo walizosoma kwenye daftari. Wazee walisimama pembeni wakidhani ni mchezo. Mkokoteni mmoja uliokuwa unang'aa ulivutika kwa shida mara mbili ya mwingine uliokuwa umechakaa rangi. Tukanunua uliochakaa. Tukabadilisha beringi, tukaweka lile tairi la breki, tukachora mstari mwekundu kwenye mbao kuonyesha mzigo ukae wapi. Na tukaweka sheria: kwenye kilima, mitungi 10, si 20.

Mkokoteni huo unafanya kazi hadi leo. Mwenzetu aliyevunjika mguu ndiye anayeukagua kila asubuhi, upepo, beringi na kamba. Hakuna anayebishana naye akisema leo hautoki.

Yule mama aliyeuliza swali ndiye aliyetoa hoja kwamba vijana wapewe sehemu ya pesa walizoomba. Si zote. Nusu kutoka mfuko, na nusu waitafute wenyewe kwa kutengeneza mikokoteni ya vikundi vingine. Wamekubali. Kama kikundi chako kina mkokoteni unaoimba na kukwaruza, unajua pa kuwapata.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Bei ni ya siku moja. Gharama ni ya kila siku. Hesabuni zote mbili.

2. Anzeni na njia mnayopita, kisha mchague gurudumu. Msianze na gurudumu.

3. Gia hubadilisha mwendo kuwa nguvu au nguvu kuwa mwendo. Haiongezi kitu.

4. Nguvu isiyoshika chini haina kazi.

5. Pimeni kabla ya kununua. Mizani ya ndoano, kamba na daftari vinatosha.

6. Mpeni mtu mmoja kazi ya ukaguzi, na mheshimu neno lake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

Je, mkokoteni, baiskeli au tuktuk ya kikundi chetu hubeba kilo ngapi? Nani amewahi kuhesabu?

Ni sehemu gani ya njia yetu iliyo mbaya kuliko zote, na gurudumu letu linafaa kwa sehemu hiyo?

Mtu wetu akiumia kazini, kikundi kitamsaidia kwa pesa gani? Tumeziweka wapi?

Vijana wetu wanaomba nini ambacho tumekikataa kabla ya kuwauliza wanakitaka kwa nini?

Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu, na awarudishe salama nyumbani. Wale wanaotelemka upande wa mkondo na mkokoteni jioni hii, tafadhali fungeni kamba.